Sindano Wanaijua, Machozi Je?

Mwanafunzi wa uuguzi akiogopa sindano, tunajua la kumfanyia. Tunampa chungwa na sirinji yenye maji, anachoma hadi mkono utulie. Kisha anamchoma mwenzake, kisha anamchoma mgonjwa nikiwa nimesimama ubavuni pake. Baada ya wiki chache hofu imekwisha. Lakini mwanafunzi huyohuyo akimkuta mama analia pembeni ya kitanda cha mwanawe, hana chungwa la kujifunzia. Anageuza macho, anajifanya anasoma karatasi ya joto, anapita. Wanaomwona wanasema: watoto wa siku hizi hawana huruma.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi sasa nawasimamia wanafunzi walio kwenye staji, yaani mazoezi ya wodini, hapa Kasongo, kusini mwa mkoa wa Maniema, Kongo. Wanafunzi wananiita Madame, wagonjwa wananiita Mama, na yote mawili nayaitikia. Nikiwa hapo katikati nimeona jambo ambalo mtu wa nje halioni upesi: huruma watoto hawa wanayo tele. Kinachowapungukia ni ujasiri wa kuionyesha wakiwa wamevaa bluzi nyeupe, mbele ya mwalimu, kwa mgonjwa asiye ndugu yao. Ujasiri huo hujengwa, tena kwa njia zinazojulikana, na nakasirika ninapoona unaachwa ujijenge wenyewe.

Msomaji asiyejua mambo yetu aelewe kwanza wanafunzi hawa ni nani. Wengi wako ITM, yaani shule ya sekondari ya uuguzi. Mtoto akimaliza miaka miwili ya mwanzo ya sekondari anaingia, anasoma miaka minne, anafanya mtihani wa taifa tunaouita jury, anatoka na cheti cha A2. Wengine, wakubwa kidogo, wako kwenye taasisi ya juu, ISTM, wanakotoka na A1 au zaidi. Kwa hiyo anayempima presha mgonjwa wako saa nane za usiku huenda ana miaka 17.

Na hakuja mtupu. Huku kwetu hospitali haimpikii mgonjwa. Kila kitanda kina gadi-malade wake: dada, shangazi au mjukuu, anayelala juu ya mkeka sakafuni, anayesonga bugali nyuma ya wodi, anayekimbia famasi na karatasi ya dawa mkononi. Wanafunzi wangu karibu wote walikuwa gadi-malade kabla hawajawa wauguzi. Mmoja wao, msichana wa upande wa Samba, alimuuguza bibi yake kijijini muda mrefu. Alimwogesha, alimpaka mawese mgongoni ngozi isichanike, alijua kwa kusikiliza pumzi tu kama bibi amelala kweli au anajikaza. Siku zake za kwanza za staji nilimwambia amgeuze mama mzee aliyepooza upande mmoja. Alisimama wima, mikono nyuma, akingoja nimwambie aanzie wapi.

Baadaye nilimuuliza ni nini kilimzuia. Akanijibu: “Madame, bibi nilikuwa namjua. Huyu niliogopa kumkosea, na wewe ulikuwa unaniangalia.”

Jibu hilo nimelisikia kwa namna nyingi tangu hapo. Iko hofu ya alama: mwanafunzi anajua karatasi ya staji inahesabu sindano, joto, presha na vidonda alivyofunga, wala haihesabu aliongea na nani. Iko hofu ya swali: mgonjwa ataniuliza kama atapona, nami sijui, na nikisema sijui ataniona si lolote. Iko hofu ya kulia mbele za watu. Na iko moja ambayo hutajwa kwa sauti ndogo, hofu ya mfuko. Ukikaa na mgonjwa atakwambia hana pesa ya dawa, nawe huna, na ukishasikia huwezi tena kujifanya hukusikia. Mwanafunzi anayepita wodi mbio, mara nyingi hiyo ya mwisho ndiyo anayoikimbia.

Nieleze jinsi mambo haya yanavyofundishwa, kwa mfano wa siku moja pediatri. Ulikuwa msimu wa mvua, malaria inapotujazia vitanda hadi watoto wawili wanalala kimoja, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Alikuwepo mtoto wa kama miaka miwili, viganja vyeupe, ukivuta kope la chini ndani nako kweupe, anahema mbavu zikiingia na kutoka. Malaria ilikuwa imemmaliza damu. Mjomba alishatoa mfuko mmoja, tulikuwa tunangoja maabara imalize kuipima kabla ya kumtia. Mama yake alikuwa ametoka njia ya Kabambare kwa pikipiki, mtoto kifuani. Baba alibaki machimboni kwenye dhahabu. Mwanafunzi alitumwa kupima joto. Mama akamshika bluzi: “Mwanangu, huyu ataishi?” Mwanafunzi akajibu, “Docta anakuja,” akaondoka. Sikumgombeza. Nilimwambia twende tukakae wote.

Tulikaa. Kwa wengi hilo la kwanza ndilo gumu, maana mwanafunzi ameonywa tangu mwanzo asikalie kitanda cha mgonjwa. Basi asikalie kitanda. Avute kigoda, au achuchumae, au akikaribishwa akae juu ya mkeka wa gadi-malade, macho yake yawe sawa na ya mama. Kisha aseme jina lake na kazi yake. Mama yule alikuwa ameshapitiwa na watu kadhaa wenye bluzi nyeupe na hakumjua hata mmoja wao ni nani. Kisha aulize jina la mtoto na alitumie. Halafu aseme anachokiona, kwa Kiswahili chepesi: damu ya mtoto imepungua sana, ndiyo sababu anahema hivi. Aseme kinachofanyika: damu ya mjomba inapimwa, ikiwa safi tutamtia. Swali lenyewe alilouliza mama asilikimbie, wala asilijibu kwa uongo. Mimi nilisema hivi: “Mama, mtoto ni mgonjwa sana. Damu ikiingia tuna matumaini. Huyu mwanafunzi yuko zamu hadi saa kumi na mbili, atakuja kumwangalia kila nusu saa.” Mama akalia. Tukamwacha alie, na sisi tukabaki tumekaa. Yote hayo hayakuzidi dakika tano.

Kisha ikabaki kazi ya kurudi kila nusu saa. Hapo ndipo neno la muuguzi linapopata uzito au linapopotea. Mara ya kwanza mwanafunzi alirudi nikiwa nyuma yake, zilizofuata alirudi peke yake, akampima mtoto, akamwambia mama alichokiona. Damu ikatiwa, midomo ya mtoto ikarudi rangi. Siku chache baadaye kitanda hichohicho kilikuwa na mtoto mwingine na mama mwingine, nikamwona mwanafunzi wangu akivuta kigoda bila kuambiwa na mtu.

Wenzangu huniuliza: wagonjwa ni wengi, wauguzi wachache, muda wa kukaa tutautoa wapi? Huwa nawasimulia uchunguzi uliofanywa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani. Daktari wa upasuaji alipita kwa wagonjwa wake, kwa baadhi akisimama, kwa wengine akikaa. Muda alioutumia haukupishana sana, dakika moja na sekunde kadhaa. Wale aliosimama mbele yao walikisia kwamba alikuwepo chini ya dakika nne. Wale aliokaa nao wakasema zaidi ya dakika tano. Kigoda kimoja, na dakika ileile.

Sasa swali la ujasiri. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika juu ya mahali inapotoka imani ya mtu kwamba jambo fulani ataliweza. Alitaja vyanzo vinne. Chenye nguvu kuliko vyote ni kulifanya jambo mwenyewe likafaulu. Kinafuata kumwona mtu aliye kama wewe akilifanya. Kisha kuambiwa na mtu unayemwamini kwamba utaweza. Na cha mwisho ni habari unazopewa na mwili wako: moyo ukidunda na jasho likitoka, unajihukumu kuwa huwezi. Ukiingia wodini na maelezo hayo kichwani utaona mara moja tatizo liko wapi. Kwa sindano tunampa mwanafunzi vyote vinne. Kwa machozi hatumpi hata kimoja, kisha tunashangaa.

Kile cha pili ndicho kinachonikosesha usingizi. Mwanafunzi anaiga. Muuguzi mkubwa akimfokea mama anayejifungua, wanafunzi wote waliosimama ukutani wamepata somo la siku, na hakuna darasa langu litakalolifuta. Huko Philadelphia, Marekani, mtafiti Mohammadreza Hojat na wenzake waliwafuata wanafunzi wa udaktari mwaka kwa mwaka, na mwaka 2009 wakachapisha walichokiona: uwezo wa kuyaelewa mateso ya mgonjwa, kwa kipimo chao, ulishuka katika mwaka wa tatu, mwaka ambao mwanafunzi anatoka vitabuni na kuingia wodini. Mwaka 2012 zikatoka hukohuko habari za wanafunzi wa uuguzi: waliokutana na wagonjwa wengi zaidi katika mwaka wa masomo ndio walioshuka. Niliposoma hayo nilihuzunika, lakini sikushangaa. Hospitali yenye kila kitu na hospitali ya kwetu zinaweza kumfunza kijana somo moja.

Jirani zetu wa Tanzania nao walilitazama jambo hili kwa macho makavu. Katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, wanawake waliojifungulia kwenye vituo waliulizwa walitendewaje. Walipoulizwa wakiwa wanatoka, kama 19 kwa mia walisema walitukanwa, walipuuzwa au walivunjiwa heshima kwa namna nyingine. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema hivyo wakawa 28 kwa mia. Nawaomba wanafunzi waangalie tofauti ya hesabu hizo mbili. Mama akiwa bado mikononi mwako hakwambii yote. Anakuhitaji, na anakuogopa. Baadaye mradi ulioitwa Staha ukawakutanisha wauguzi na wananchi wa huko, wakaandika pamoja wanavyotaka kutendeana, na utovu wa heshima ukapungua sana.

Watu wa Kasongo tuna haki ya kulidai jambo hili kwa sauti, maana lilizungumzwa hapa kabla ya mahali pengi duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilianza hapa mpango ambao wasomi wa afya wanaujua kama Mradi wa Kasongo. Nyuma yake walikuwepo walimu wawili, Pierre Mercenier na Harrie Van Balen. Kila kitu kisirundikwe hospitalini, walisema. Vituo vidogo vya afya viwe karibu na watu, kila kimoja mikononi mwa muuguzi, na hospitali isimame nyuma yao kwa kesi nzito. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi wa timu hiyo juu ya chanjo ya surua kwa watoto wetu, na jina la mji huu likaingia vitabuni.

Chanjo na takwimu ndivyo vinavyokumbukwa. Mimi ninalolishika zaidi ni lile walilosema juu ya muuguzi. Matunzo, kwa fikra zao, yamchukue mtu mzima: asionwe kama homa, au mguu, au mimba, bali aonwe na nyumba yake, shamba lake na wasiwasi uliomleta. Yaendelee, maana yake mtu asipotee kati ya siku ya kwanza na siku ya kupona. Na kinga na tiba visitenganishwe. Fikra za namna hiyo zilisaidia kujenga mpango wa nchi nzima. Miaka ya 1980 Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, iligawanywa katika zoni za afya 306. Leo Kongo ina zoni 519, na mkoa wetu una zake, kuanzia Kasongo, Kunda na Samba hadi Kabambare, Lusangi na Saramabila. Vita vya 1996 na 1998 viliponda mengi yaliyojengwa. Ila mpango wenyewe haukufa, na katika mpango huo uso wa kwanza ambao mgonjwa anauona bado ni wa muuguzi.

Ndiyo maana siwezi kuridhika na mwanafunzi anayejua sindano peke yake. Kijana huyu akimaliza jury hatabaki Kasongo mjini. Anaweza kupelekwa kituo cha mbali cha Lusangi, awe yeye na mkunga na mlinzi, pamoja na CODESA, kamati ya wananchi ya afya, na RECO, wahudumu wa jamii wanaozunguka vijijini. Atampokea mama aliyebebwa kwa machela usiku. Atakayemwambia baba kwamba mtoto amefika amechelewa ni yeye. Hapo hakuna Madame wa kumvutia kigoda.

Iko habari nyingine inayowavunja miguu wanafunzi, nayo ni lugha. Shuleni wanasoma kwa Kifaransa, wanaandika kwa Kifaransa, na kwenye mtihani swali la kumtuliza mgonjwa wanalijibu vizuri kabisa, kwa Kifaransa. Usiku bibi wa kutoka Kabambare anasema Kibangubangu na Kiswahili chake cha kijijini, na mwanafunzi aliyepata alama nzuri anabaki bubu. Kila alichojifunza kukisema kiko katika lugha ambayo bibi haijui. Kiswahili ni lugha ya nyumbani ya mwanafunzi huyo, na Kasongo tunajivunia Kiswahili chetu tangu enzi za mfanyabiashara Tippu Tip. Lakini hakuna aliyewahi kumfundisha uuguzi kwa lugha hiyo, kwa hiyo haamini kwamba maneno ya nyumbani yanatosha kwa kazi ya bluzi nyeupe.

Dawa tuliyoipata ni ya bei nafuu. Tunakaa chini ya mwembe mchana wagonjwa wanapopumzika, na wanafunzi wanaigiza. Mmoja anakuwa bibi anayekataa mpira wa mkojo, mwingine muuguzi, wengine wanasikiliza. Kanuni ni moja: Kiswahili tu, au lugha ya kijijini kwa anayeijua. Mwanzoni wanacheka, kisha mchezo unaanza kuwauma. Nakumbuka mazungumzo haya karibu neno kwa neno, kwa sababu msichana aliyeigiza bibi aliyafanya kwa ukali wa kweli:

“Bibi, jambo. Mimi ni mwanafunzi wa zamu. Nimekuja kukuwekea mpira wa mkojo.”

“Mpira wa nini? Mbele ya huyu kijana?”

“Kijana atatoka. Tutafunga pazia, na tutakufunika na kikwembe chako mwenyewe.”

“Nimezaa watoto wanane, sijawahi kuvuliwa na mtoto.”

Muuguzi wa mchezo alinyamaza. Wenzake wakaanza kumnong’oneza majibu. Mwishowe alisema: “Ni kweli, bibi, mimi ni mtoto kwako. Kwa hiyo wewe ndiye utaniambia lini tuanze. Nitakueleza kila kitu kabla ya kukifanya, na ukisema basi, naacha.” Yule bibi wa mchezo, bila kupangiwa, akalegea mabega na kusema, “Haya, lete.” Hakuna kitabu kilichompa kijana jibu lile. Alilitoa nyumbani kwao, kwa namna anavyoongea na nyanya yake. Siku hizi utanisikia nikilitaja kwa wanafunzi wa mwaka mpya.

Mauti nayo yanataka mazoezi. Mwanafunzi wa miaka 17 anaposhuhudia mtu akikata roho anaona hana tena la kufanya, anakimbilia kuandika kwenye rejista. La kufanya lipo. Mji wetu una Waislamu wengi na Wakatoliki wengi, na wauguzi wa dini zote mbili. Ndugu wa Muislamu watataka mgonjwa ageuzwe kuelekea kibla, wamsomee shahada. Akifa watataka waoshe maiti wenyewe, wanaume kwa mwanamume, wanawake kwa mwanamke, na wazike mapema. Ndugu wa Mkatoliki watauliza kama padri anaweza kuitwa kabla hajafa. Mwanafunzi anayejua hayo anauliza kwa adabu, anasogeza kitanda, anatoa seromu, anafunga macho ya marehemu, anawapisha wenyewe. Mikono ikipata kazi, moyo nao hutulia, na hapo kile chanzo cha nne cha Bandura huanza kumtumikia.

Kuna wagonjwa ambao kwao ujasiri wa kubahatisha haufai kabisa. Upande wa Kabambare, penye dhahabu na watu wenye silaha, hasa Saramabila, wanawake wamebakwa miaka nenda miaka rudi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limewahi kuwatibu hukohuko. Kila mwanafunzi anapaswa kujua saa hizi: dawa za kuzuia VVU zianze kabla ya saa 72, za kuzuia mimba kabla ya saa 120. Lakini mwanamke asiyepokewa vizuri mlangoni hataingia, na saa hizo zitampita. Tunawafundisha wafunge mlango, wasimuulize asimulie mbele ya watu, wasimguse kabla ya kumwomba ruhusa, wasimuulize alikuwa anatafuta nini huko. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewapa kazi hiyo wanawake maalumu wanaoitwa maman chérie, ambao hukaa na aliyebakwa, humsikiliza na kumsindikiza katika matibabu yake. Nawapenda kwa sababu moja kubwa: huko kukaa na mgonjwa ni kazi yenye jina na mwenye kuifanya, haikuachwa iwe wema wa mtu akipata nafasi.

Sitasema haya yote nikanyamaza juu ya pesa. Wauguzi wengi wa nchi hii wanafanya kazi bila mshahara wa serikali, wanaishi kwa posho ndogo tunayoiita prime na kwa anacholipa mgonjwa. Nimeona, mahali ambapo sipataji, mama aliyekwisha kupona akizuiliwa na mtoto wake mchanga kwa deni, na mwanafunzi wa staji akaambiwa awe macho wasitoroke. Mwanafunzi huyo asubuhi alikuwa amejifunza kumshika mama mkono. Mchana amegeuzwa askari wake. Ukimfanyia kijana hivyo utakuwa umembomoa kwa mikono yako, na hakuna mchezo wa chini ya mwembe utakaomjenga tena. Wakubwa wa afya wanaotaka wauguzi wapole waanzie hapo: mwanafunzi asitumwe kamwe kudai deni wala kulinda mdaiwa.

Sisi tulio wodini tumeanza na kile kilicho mikononi mwetu, karatasi ya staji. Tumeongeza mistari: alisema jina lake; aliomba ruhusa kabla ya kugusa; alimfunika mgonjwa; alikaa; alieleza kitakachofuata; alirudi saa aliyosema. Kila mstari una alama sawa na sindano. Mwenzangu mmoja alipinga akasema huruma haitiwi alama, ni ya Mungu. Nilimjibu kwamba moyo sijui kuupima, lakini kurudi saa kumi baada ya kusema nitarudi saa kumi kunaonekana kwa kila mtu mwenye saa. Leo yeye ndiye mkali kuliko mimi kwenye mstari huo wa mwisho. Na mgonjwa akifa zamu ya mwanafunzi, tunakaa naye chumbani kabla hajaenda nyumbani, chai iwepo au isiwepo, aseme alichoona, alichofanya na kinachomsumbua. Wanaokaa hivyo wanarudi kesho yake. Wasiokaa, wengine hatuwaoni kwa siku kadhaa, na wakirudi wamekuwa wagumu.

Wewe msomaji unayelala na mgonjwa wako juu ya mkeka una sehemu yako. Mwanafunzi akija kitandani na sirinji mkono ukitetemeka, mtajie jina la mgonjwa. Akikosa neno la lugha yenu, mpe. Akikaa, mwachie nafasi kwenye mkeka. Na akifanya vizuri, usimalize kwa kumwombea baraka tu. Mtafute msimamizi wa staji, mwambie ni mwanafunzi yupi na alifanya nini. Tunaandika kwenye karatasi yake siku hiyohiyo, na kesho yake tunamsomea.